Samaki wako ana madini au hana hewa? Kutoka dalili hadi chanzo, kwa wafugaji, wavuvi na walaji wa Kigoma na Tabora

Simu ilitoka Kalinzi, juu kule kwenye kahawa. Perege zaidi ya mia mbili walikuwa wameelea bwawani tangu alfajiri, na mwenye bwawa alikuwa na hakika: "Ni madini, mwalimu. Maji yangu yameingia madini." Jioni ya siku hiyohiyo, mwaloni Kibirizi, mama mmoja muuza samaki aliniinulia sangala mnono wa kilo nne hivi. Macho angavu, mashavu mekundu, nyama ukiibonyeza inarudi. "Mwanangu," akaniuliza, "huyu naweza kumpelekea binti yangu? Ana mimba ya miezi minne."

Perege wa Kalinzi hawakufa kwa madini, walikosa hewa usiku. Swali la mama ndilo lililokuwa la madini, ingawa samaki wake alikuwa mzuri kuliko wote waliokuwa mwaloni pale.

Naandika haya kwa sababu wengi wetu tunatafuta sumu mahali isipokuwepo, kisha tunapita bila kutazama pale ilipo. Metali nzito, ambazo wengine huziita madini tembo, zikija nyingi kwa ghafla huua samaki, na dalili huwa wazi. Zikija kidogo kidogo kwa miaka, samaki huzitunza mwilini huku akikua, akizaa na kunona. Anayezipokea mwisho wa safari ni mlaji. Kwa hiyo kila kichwa hapa chini kinaanza na unachokiona au unachoambiwa, halafu tunarudi nyuma kutafuta kilikotoka.

Samaki wanahema juu ya maji, wengine wamekufa

Anza na saa. Wakihema alfajiri na kupata nafuu jua likishapanda, hapo oksijeni iliisha usiku. Mwani, tope na samaki wote wamepumua gizani, na mwani hautoi oksijeni pasipo mwanga. Maji huwa ya kijani kizito, samadi imewekwa nyingi, au mawingu yametanda siku mbili tatu. Dalili nyingine ni nani aliyetangulia kufa. Hewa ikipungua, samaki wakubwa huondoka kwanza. Sumu ikiingia, mara nyingi vifaranga ndio hutangulia. Kalinzi nilikuta wakubwa wameelea na vifaranga wanakimbizana kandokando ya maji. Tulisimamisha samadi, tukafungulia maji mapya, na bwawa likatulia ndani ya siku mbili.

Wakihema kutwa nzima, jua kali, na maji si ya kijani, mshike mmoja aliye hai umfunue mashavu. Shaba na zinki hushambulia hapo kabla ya kwingine kokote. Samaki hujitetea kwa kumwaga ute, na ile ngozi nyembamba inayopitisha hewa huvimba. Matokeo yake hukosa pumzi katikati ya maji yenye oksijeni ya kutosha. Juu ya hayo, shaba huharibu namna mashavu yanavyonyonya chumvi kutoka majini, na zinki na kadimiamu hupita kwenye milango ileile ya kalsiamu. Samaki aliyejaa ute wa kijivu kwenye mashavu, na maji yanapitisha mwanga vizuri, anakuambia uanze kuuliza juu ya metali.

Sasa uliza maji yamepita wapi. Kwenye vilima vya Kigoma wakulima wa kahawa hupiga kopa dhidi ya kutu ya majani na chulebuni. Kopa ni shaba. Ukioshea bomba la kupulizia kwenye mfereji unaolisha bwawa la jirani, au mvua kubwa ikinyesha mara tu baada ya kupiga, shaba hiyo inateremka. Chunguza pia kama kuna mtu aliyemwaga mrututu bwawani ili kuua mwani au konokono. Nao ni shaba, na kipimo cha "kiganja kimoja" kinachosimuliwa vijiweni hakijali bwawa ni kubwa kiasi gani wala maji yake ni ya aina gani.

Zinki inakuja kwa njia ambayo watu hawaishuku kabisa. Mimi mwenyewe nilipoteza vifaranga karibu mia tano kwa usiku mmoja. Nilikuwa nimewaweka kwenye pipa jipya la bati, nimelijaza maji ya mvua ya kwanza kutoka paa jipya la mabati. Maji yalikuwa safi kuliko ya mto, yanang'aa. Lakini bati hupakwa zinki ili lisishike kutu, na maji ya mvua ni laini, hayana kalsiamu ya kupambana na zinki kwenye mlango wa shavu. Tangu siku ile nasafirisha vifaranga kwenye ndoo za plastiki tu, na maji ya paa jipya nayaacha yaende shambani msimu mzima wa kwanza.

Mashavu yakiwa na rangi ya kutu, na maji ni ya kisima kirefu, chanzo ni chuma. Maji hayo hutoka ardhini yakiwa meupe, yakikutana na hewa yanageuka kahawia, na vumbi lake linaganda kwenye mashavu. Yapitishe kwanza kwenye mfereji wenye mawe yakirukaruka, yatulie kwenye tangi siku moja, ndipo uyaingize bwawani.

Jirani amepiga kopa shambani, samaki wake ni wazima, wangu wamekufa

Malalamiko haya nimeyasikia mara nyingi, na mara nyingi huleta ugomvi usio na sababu. Mabwawa mawili yanaweza kupokea shaba sawasawa, moja likafa na lingine likapona, kwa sababu maji hayafanani. Maji magumu, yenye kalsiamu nyingi, humkinga samaki: kalsiamu inashindana na metali kwenye mashavu. Maji yenye pH ya juu, yaani yaliyo mbali na uchachu, huifunga metali kwenye kaboneti ikazama chini. Na maji yenye mabaki ya majani yaliyooza huikumbatia shaba isimfikie samaki.

Ziwa Tanganyika lenyewe lina kinga hii, pH yake hukaribia 9. Mabwawa ya mvua ya huku Tabora, kwenye ardhi ya mawe ya matale na mchanga, mengi hayana. Kipimo kilekile cha shaba ambacho ziwa lingekimeza bila kishindo kinaweza kumaliza vifaranga vya bwawa la kijiji.

Chokaa ya kilimo husaidia kwa sababu inaongeza ugumu na pH. Usitumie chokaa ya kuchoma wakati samaki wamo ndani, itawaunguza. Na pima pH kabla ya kuongeza: bwawa lenye mbolea nyingi lina amonia, na pH ikipanda sana amonia hiyo inageuka kuwa sumu kali. Utakuwa umefukuza shaba ukamkaribisha mwuaji mwingine.

Samaki hawakui, migongo imepinda

Hapa usikimbilie madini. Mara nyingi ni chakula kisicho na vitamini C, au ndugu waliozaliana vizazi vingi kwenye bwawa moja. Risasi, ile metali laini ya kwenye betri, ikikaa mwilini muda mrefu nayo hupinda uti wa mgongo na kuufanya mkia uwe mweusi. Mkia mweusi na mgongo uliopinda pamoja, karibu na mahali betri kuukuu zinapobomolewa, ni jambo la kupeleka maabara. Mgongo uliopinda peke yake, badilisha chakula na mbegu kwanza.

Samaki wote wazima, lakini juu ya mto wanaosha dhahabu

Kichwa hiki ndicho kikubwa kuliko vyote, na hakina dalili hata moja ya kuona kwa macho.

Nzega na Igunga kuna ndugu zetu wengi wanaoishi kwa dhahabu. Mawe husagwa kwenye karasha, unga huoshwa, halafu zebaki huchanganywa ili ishike chembe za dhahabu. Bonge linalopatikana huchomwa, zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Kwa kila gramu ya dhahabu hupotea gramu moja hivi ya zebaki, au zaidi pale inapomwagwa kwenye unga wote badala ya ule uliokwisha kuoshwa. Sehemu inapanda hewani na kushuka na mvua. Sehemu inabaki kwenye marudio, yaani mabaki ya unga baada ya dhahabu kutolewa. Marudio hayo yakichenjuliwa tena kwa sayanidi, zebaki iliyokuwa imelala inayeyuka na kutembea kwa wepesi zaidi kuliko mwanzo.

Zebaki hiyo ya maji maji, ile inayoteleza kama shanga za fedha, siyo inayojaa kwenye samaki. Samaki akiimeza, nyingi hutoka. Hatari inaanza inapofika kwenye tope lisilo na oksijeni: kinamasi, chini ya bwawa, kingo zenye majani yanayooza. Huko kuna bakteria wanaoigeuza kuwa methili zebaki. Hii ndiyo inayopenya ukuta wa utumbo kwa urahisi, ikajishikiza kwenye protini za nyama, na kutoka kwake ni kwa taabu sana.

Halafu ngazi ya ulaji inafanya kazi yake. Mwani unabeba kidogo. Vijidudu vya majini vinakula mwani mwingi sana. Dagaa anakula vijidudu hivyo. Mgebuka anakula dagaa, mwaka mzima, kila siku. Sangala na kuhe wanakula samaki wengine, na sangala anaishi miaka mingi. Kila mmoja anarithi karibu yote aliyobeba chakula chake, na anatoa kidogo. Methili zebaki ndani ya samaki mla samaki inaweza kuwa zaidi ya mara milioni moja ya ile iliyomo kwenye maji aliyokuwa akiogelea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu Ziwa Tanganyika ulionyesha jambo hilohilo: zebaki ikipanda hatua kwa hatua kutoka kwa wala vijidudu hadi kwa wawindaji.

Zebaki ya ziwani haina mzazi mmoja. Inashuka na mvua kutoka mbali, inatoka kwenye udongo unaomomonyoka na kwenye moshi wa misitu inayochomwa. Kwa hiyo usiseme "kwetu hakuna mgodi, tumesalimika." Na ukitaka kumfuata mchimbaji, fuata kwanza mto. Maji ya mto Manonga hayaji Ziwa Tanganyika hata siku moja. Yanaingia Wembere, kisha Ziwa Kitangiri, katika bonde ambalo halina njia ya kwenda baharini. Maji ya mto Igombe ndiyo yanayoelekea mto Malagarasi, yanapita kwenye ardhioevu kubwa ya Malagarasi na Muyovozi, ndipo ziwani, kusini ya Ujiji. Ardhioevu hiyo inachuja tope na kushika metali nyingi, jambo jema kwa ziwa. Lakini tope lake lisilo na hewa ndilo jiko la methili zebaki, na samaki wanaovuliwa humo wanastahili kupimwa kwa jina lao, wasihesabiwe pamoja na wa ziwani.

Bwawa jipya nalo lina hatari hiyohiyo hata kama hapana dhahabu karibu. Ukifurisha bonde lenye miti na majani bila kufyeka, yote yanaoza chini, oksijeni inaisha, na zebaki iliyokuwa kwenye udongo siku zote inageuzwa. Katika mabwawa makubwa ya nchi za baridi samaki wameonekana kubeba zebaki ya ziada kwa miaka kumi hadi thelathini baada ya kufurishwa. Fyeka na ondoa kabla ya kufungulia maji. Kazi ya jembe ya wiki mbili inaokoa miaka.

Kwa mchimbaji anayesoma: choma bonge ndani ya kifaa kilichofungwa kinachorudisha moshi kuwa zebaki, usichome hewani na usichome jikoni. Usiweke marudio mahali mto unapofika wakati wa masika. Na marudio yaliyopita kwenye zebaki yasiingie kwenye sayanidi. Hata mfuko wako unafaidika, maana zebaki inayorudi hainunuliwi tena.

Maji yamepimwa ni salama, samaki amezidi kiwango

Hakuna aliyekosea maabara. Shirika la Afya Duniani linaruhusu katika maji ya kunywa hadi maikrogramu 6 za zebaki kwa lita, 10 za risasi, 10 za aseniki na 3 za kadimiamu. Viwango hivyo vimewekwa kwa mtu anayekunywa lita mbili kwa siku. Samaki haishi kwa lita mbili. Anapitisha maji kwenye mashavu mchana na usiku, na anakula walioishi humo kabla yake. Kwa zebaki, maji yanayofaa kunywewa kabisa yanaweza kumlea samaki ambaye hafai kuliwa kila siku. Ndiyo maana mtu akiniletea cheti cha maji na kusema "basi samaki wako safi," namwomba alete samaki.

Ghuba ya Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, watu hawakuumwa kwa kunywa maji ya bahari. Waliumwa kwa kula samaki na kome wa ghuba hiyo, chakula chao cha kila siku.

Tope lina risasi nyingi, minofu haina kitu

Hii nayo si ajabu, kwa sababu kila metali ina chumba chake ndani ya samaki. Risasi hufanana na kalsiamu machoni pa mwili, kwa hiyo hukaa kwenye mifupa, magamba na mashavu. Kadimiamu hukimbilia figo na ini, ambako mwili unaifunga kwenye protini maalumu. Shaba hukaa kwenye ini. Zebaki peke yake, ile ya methili, ndiyo inayokaa kwenye minofu yenyewe.

Tena risasi na kadimiamu kwa kawaida hazipandi ngazi kama zebaki. Mara nyingi hupungua ukienda kwa wawindaji, kwa sababu mifupa na matumbo ya aliyeliwa hayachujwi vizuri na mlaji. Anayebeba nyingi ni yule anayekaa kwenye tope: kambale anayefukua, konokono, na samaki wanaowala konokono. Kwa hiyo swali "samaki gani ni hatari?" halijibiki mpaka useme "metali gani?" Mwogope mkubwa mla wenziwe kwa zebaki. Mwogope wa chini ya tope kwa risasi.

Na risasi ya mwaloni inatoka wapi? Tazama mikononi mwetu. Zamani tulivulia karabai, leo taa za dagaa zinawashwa kwa betri. Betri ikifa inapasuliwa, asidi inamwagwa mchangani, sahani zake zinayeyushwa kwenye kopo juu ya moto ili zifanywe vizito vya nyavu. Vumbi na asidi hiyo hushuka kwenye maji ya kina kifupi, palepale watoto wanapooga na vifaranga wa samaki wanapokulia. Ningependa kila mwalo uwe na sehemu moja ya kukusanyia betri zilizokufa, zikauzwa nzima kwa wanaozisafirisha. Anayeyeyusha risasi nyumbani ajue kwamba mwanawe anapata nyingi kwa moshi na vumbi kuliko atakayopata kwa samaki.

Namba za dagaa wakavu zinatisha

Kabla ya kutangaza, soma kama kipimo ni cha uzito mbichi au mkavu. Dagaa mbichi ni maji kwa zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Kilo moja ya wakavu imetokana na kilo tatu na nusu hadi nne za wabichi, kwa hiyo namba yoyote inapanda mara tatu na nusu hadi nne bila metali hata punje kuongezeka. Tuseme cheti kinasema risasi miligramu 0.8 kwa kilo ya dagaa wakavu. Gawanya kwa nne: ni 0.2 kwa uzito mbichi, chini ya 0.3 ambayo ni kikomo cha kimataifa kwa samaki.

Jambo la pili, dagaa analiwa mzima. Kichwa, miiba, tumbo, vyote. Basi risasi ya mfupa na kadimiamu ya ndani zinahesabiwa zote, wakati kwa sangala umetupa hizo sehemu na kupima minofu tu. Usilinganishe vitu hivyo viwili kama ni sawa.

La tatu ni mchanga. Dagaa walioanikwa chini hubeba udongo kwenye utandu wa ngozi, na udongo una metali zake. Omba maabara wapime chuma pia. Risasi ikiwa juu na chuma iko juu mno, unapima udongo wa wanja wako. Anika juu ya chanja na upime tena. Nimeona namba zikishuka kwa hatua hiyo tu, na bei ya dagaa ikapanda, kwa maana dagaa wa chanja hawana mchanga wa kuuma meno.

Kwa zebaki, dagaa ana heri. Maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja hivi, na yuko chini kwenye ngazi. Hana muda wa kukusanya.

Migebuka miwili, mwalo mmoja, majibu yanapishana mara tatu

Uliandika urefu wao? Bila urefu na uzito, kipimo cha zebaki hakisemi mengi, kwa sababu mkubwa ni mzee na mzee amekusanya. Ukitaka kulinganisha juu ya mto na chini ya mto, linganisha samaki wa aina moja na urefu unaokaribiana, angalau kumi kila upande. Chukua minofu ya mgongoni, bila ngozi wala mwiba, kwa kisu safi kisichokuwa na kutu, weka kwenye mfuko mpya wa plastiki, kila samaki na wake, barafuni. Maji yachukuliwe kwenye chupa iliyotoka maabara yenyewe, kwani huwekwa asidi ili metali zisigande kwenye kuta za chupa. Chupa ya soda uliyosuuza haifai.

Kigoma unaweza kuanzia kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) au ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Vipimo vya metali kwenye chakula hufanywa pia na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Uliza gharama kabla, na omba zebaki, risasi na kadimiamu kwa majina. Ukisema tu "sumu," hawatajua waanze na kipi.

Mtu ana ganzi vidoleni, au mtoto ana risasi kwenye damu. Ni samaki?

Mpeleke hospitali kwanza, na kawaeleze kazi yake. Anayechoma dhahabu anavuta mvuke wa zebaki, na huo hupimwa vizuri kwenye mkojo. Zebaki ya samaki husomeka kwenye damu na nywele. Ukipima kimoja wakati tatizo ni kingine, utapewa jibu zuri la uongo.

Risasi ya mtoto, mara nyingi, haitoki kwenye samaki. Tazama betri uani, rangi ya zamani inayobanduka, na sufuria ya kienyeji iliyofuliwa kwa vyuma chakavu. Sufuria za namna hiyo zimekutwa zikitoa risasi kwenye chakula, hasa kikiwa na uchachu wa nyanya au ndimu. Ukibadilisha samaki ukaacha sufuria, hujatibu.

Nimkaange, nimloweke, nimtie ndimu?

Metali haiungui. Kukaanga, kuchemsha, kubanika na kukausha kunaondoa maji na kuacha metali palepale. Ndimu na chumvi hazivuti kitu. Kuondoa mafuta hakusaidii kwa zebaki, kwa sababu haikai kwenye mafuta. Kinachosaidia ni kisu kwa risasi na kadimiamu: toa kichwa, mashavu, matumbo na figo, ile damu nyeusi iliyoshikana na uti wa mgongo. Kwa zebaki kinachosaidia ni kuchagua samaki na kupima kiasi.

Kiasi chenyewe kinahesabika. Wataalamu wa kimataifa wa usalama wa chakula waliweka mwaka 2003 kikomo cha methili zebaki kuwa maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa wiki, wakimfikiria hasa mtoto aliye tumboni. Mwanamke wa kilo 60 anaruhusiwa basi maikrogramu 96 kwa wiki. Samaki mwenye miligramu 0.5 kwa kilo, ambayo nchi nyingi huitumia kuwa ukomo wa sokoni, anampa haki ya gramu 192 tu wiki nzima, vipande viwili vya wastani. Samaki mwenye sehemu ya kumi ya hiyo anampa kilo moja na gramu 920. Mtoto wa kilo 15, kwa yule samaki wa kwanza, amemaliza haki yake kwa gramu 48. Zebaki hii hupungua nusu katika mwili wa mtu kwa siku hamsini hivi, kwa hiyo anayepanga kushika mimba abadilishe chaguo miezi kadhaa kabla, asisubiri kliniki.

Mtu asiache samaki kwa hofu. Huku kwetu dagaa ndiye anayempa mtoto protini, kalsiamu ya miiba na mafuta yanayojenga ubongo, na hakuna kitoweo kingine cha bei hiyo kinachoweza kushika nafasi yake.

Yule mama wa Kibirizi nilimweleza hivi: sangala wako si mbaya, mkatekate, watu wazima wa nyumbani na baba mkwe wamle. Binti mpe kipande cha kiganja mara moja kwa wiki, na siku zilizobaki mpe dagaa wa chanja na perege. Alinitazama kidogo, akamrudisha sangala kwenye beseni, akamfunika kwa gunia bichi. Kisha akamgeukia jirani yake. "Shoga, hiyo sado ya dagaa shilingi ngapi leo?"